Mrejesho: niliyeuliza kuhusu kujitegemea kama fundi umeme, Busia

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ndiye niliyeuliza kama niache kibarua kwa mkandarasi nijitegemee hapa Busia, upande wa Uganda, na kama cheti cha ufundi cha DIT (Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani) peke yake kinatosha.

Hakitoshi. Cheti kinaonyesha unaijua kazi. Kibali cha kufunga nyaya kinatolewa na ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, tena kwa madaraja. Mliosema nianze na hicho kabla sijanunua hata bisibisi, asanteni sana. Kazi isiposainiwa na mwenye kibali, mteja haunganishiwi umeme, ndiyo maana mafundi wengi wa mtaani wanatafuta wa kuwasainia. Mimi kazi nisiyoiona kwa macho yangu sisaini.

Jina la biashara nimelisajili URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na TIN, namba ya mlipakodi ya URA (mamlaka ya mapato), ninayo. Hayo hayakunisumbua.

Zinazonilisha ni nyumba za kupanga: kila mpangaji anataka mita yake ya kulipia umeme kabla, ile wengi wanayoiita Yaka, wasigombanie yuniti. Vita iko kwenye waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja ili usimpige mtu. Wenye nyumba wanauona gharama ya bure, eti taa zinawaka tu bila huo! Nami nimekataa: hakuna athi, hakuna kazi. Wengine wamenikimbia, waende salama.

Vifaa ananunua mteja mwenyewe, mimi namsindikiza dukani nikague nyaya. Nusu ya malipo ya ufundi nachukua kabla ya kuanza kazi.

Sasa natafuta kipimo cha athi cha mtumba. Mwenye nacho kizima aniambie bei.