Acheni kuuza televisheni za valvu "zimekarabatiwa" huku kapasita za karatasi hamjazigusa!

Wakuu, leo naandika nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilinunua televisheni ya valvu (zile taa za kioo zilizotangulia transista) ya miaka ya 1950, kabati la mbao, kioo hakina hata mkwaruzo. Muuzaji ni fundi wa siku nyingi, akaniapia kwamba kapasita zote, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji na kuzuia umeme wa moja kwa moja usipite, ameshabadilisha. Nikamwamini. Jioni ya tatu picha ikaanza kujikunja upande wa chini, watu miguu imepandiana na magoti. Kabla sijaifikia swichi, chumba kikajaa harufu ya vanishi inayoungua. Transfoma ya wima, ile inayoitandaza picha kutoka juu hadi chini, ndiyo hiyo, imekwenda.

Nikaipindua chasisi. Jamani! Alichoweka kipya ni kapasita mbili za elektroliti za kuchuja umeme, basi. Na hizo nazo kaziunga sambamba na za zamani bila kuzikata za zamani! Kapasita iliyochoka ukiiacha kwenye sakiti inaendelea kuvujisha na kupata moto, hata uiwekee mpya kumi pembeni. Zile za karatasi zenye nta (kihami chake cha ndani ni karatasi) zipo zote vilevile zilivyotoka kiwandani, nta imetiririka na kugandia kwenye rezista za jirani.

Nikampigia. Jibu lake ndilo lililonimaliza: "Mkuu, hizo nilizipima kwa mita, zote nzima."

Mita gani? Mita ya kawaida inaipima kapasita kwa volti chache tu. Karatasi iliyokunywa unyevu zaidi ya miaka 60, ukiipa volti mbili inavujisha kidogo tu, ukiipa volti za kazi inapitisha hasa. Na huo uvujaji wenyewe unaidanganya mita: ile inayopeleka ishara kwenye gridi (waya wa ndani unaoongoza mkondo) ya valvu ya wima imeandikwa mikrofaradi 0.05, mita ikasoma 0.07. Mtu anaona imezidi, anadhani ina afya! Mimi nikaichomoa, nikaipa volti 250 kutoka pawasaplai ya mezani, upande wa pili nikaweka mita ya volti. Kapasita ikiwa nzima, mita ingeruka kidogo kisha ikashuka karibu na sifuri. Hii ikakaa kwenye 84, haishuki. Volti chanya hiyo ikifika kwenye gridi inakula bayasi hasi yote (volti hasi inayoibana valvu isivute mkondo mwingi), valvu inavuta mkondo kupita kiasi, na mkondo huo unapita kwenye waya wa transfoma mwembamba kama unywele. Kapasita moja ya bei ya chini kabisa ndiyo imeniulia kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Na nyie mnaowashauri wageni "ikiwaka usiiguse", mnachangia. Hata yangu iliwaka. Iliwaka jioni tatu!

Karatasi zote zinatoka, wakuu, hata zile zilizofunikwa plastiki ngumu zikaonekana za kisasa, maana ndani ni karatasi ileile. Weka poliesta au polipropilini za volti 630, penye 0.05 weka 0.047, haina shida. Seramiki na maika ziacheni, mara nyingi ni nzima, na za maika kwenye sakiti za masafa mkizivuruga mtatafuta picha wiki nzima. Inayokaa kwenye waya wa umeme wa ukutani iwe ya usalama, ya daraja X au Y, si yoyote uliyookota. Halafu badilisha mbili tatu, washa, angalia, endelea. Anayeng'oa 40 kwa usiku mmoja akikosea waya mmoja hatajua aanzie wapi.

Muuzaji hapokei simu tena. Kama kuna mtu amewahi kusuka upya transfoma ya wima ya seti za miaka hiyo, naomba aniambie alihesabuje mizunguko, maana yangu waya umeungua tabaka za ndani na siwezi kuihesabu.