Naombeni ushauri: mwongozo wa utengamao baada ya kiharusi, Kanda ya Ziwa na majirani

Fizio wa Mwanza
Wakuu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mwanza. Tuko timu ndogo, wenzetu wengine wako Kisumu na Jinja, tunataka kuandika mwongozo mmoja wa utengamao (tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake) kwa wagonjwa wa kiharusi, utumike pande zote za ziwa. Kikao cha kwanza tu tumegawanyika. Wapo wanaosema tuchukue mwongozo wa 2023 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, tutafsiri, kazi iishe. Huo unataka mgonjwa apate tiba ya utengamao angalau saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wodini kwetu mgonjwa akipata nusu saa kabla ya kuruhusiwa, ndugu wanashukuru. Wengine wanasema tuandike kwa uzoefu wetu. Njia zote mbili zinanitia hofu. Tuanzie wapi?

Msoma Tafiti
Hongereni, kazi hii ilikuwa inahitajika. Ushahidi chukueni popote ulipo, maana ubongo wa mvuvi wa Igombe unajifunza upya kama wa mtu wa London. Pendekezo ndilo la kupima upya, kwa watumishi mlionao, gharama, na umbali wa kwa mgonjwa. Utaratibu upo, watu wa GRADE, kundi la kimataifa linalopima uhakika wa ushahidi wa tiba, waliuchapisha 2017. Mnashika swali moja moja, mnaangalia ushahidi wake una uhakika kiasi gani, kisha mnaamua: pendekezo lichukuliwe lilivyo, lirekebishwe, au liandikwe upya. Sababu iandikwe kila mara, ili wa Jinja aone wa Mwanza alifikaje hapo.

Uzoefu peke yake msiutegemee. Wengi tuliamini kumtoa mgonjwa kitandani mapema na mara nyingi ni heri tupu. Utafiti wa AVERT ukafuatilia wagonjwa 2,104 katika nchi 5, majibu yakatoka 2015: walioanzishwa ndani ya saa 24 tangu kiharusi kwa vipindi vingi na vizito, waliopona vizuri baada ya miezi 3 walikuwa wachache kuliko wale wa huduma ya kawaida.

Halafu someni utafiti wa ATTEND wa India, hii inatuhusu sana. Wataalamu wachache, kwa hiyo ndugu walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Wagonjwa 1,250, hospitali 14. Majibu ya 2017: baada ya miezi 6 vifo na utegemezi havikutofautiana na waliopata huduma ya kawaida. Ndugu wafundishwe, hilo sibishi. Ila msiandike "familia itaendelea nyumbani" mkadhani pengo la wataalamu limezibwa.

Muuguzi wa Zamu
Naongeza moja: kumeza kupimwe kabla ya uji, maji au kidonge chochote kupita mdomoni. Muuguzi aliyefundishwa anaweza, hata usiku. Liwekeni ukurasa wa kwanza.

Mkwe wa Nansio
Samahani wataalamu, mimi si wa fani. Nimemuuguza mama mkwe hapa Ukerewe. Tuliruhusiwa na karatasi iliyosema "mazoezi", basi. Mazoezi gani? Tulikuwa tunamwinua kwa kumvuta mkono uliopooza, bega likavimba, akawa analia usiku. Hakuna aliyetuambia kwamba bega lile halishikiliwi tena na misuli yake. Kurudi kliniki Mwanza ni nauli ya kivuko kwa watu wawili na siku nzima ya kazi imepotea. Na yeye alitaka kitu kimoja, arudi kuanika dagaa. Hakuna aliyemuuliza.

Msoma Tafiti
Dada, pole sana. Hilo la dagaa ni tiba kamili: tafiti zinaunga mkono mgonjwa kurudiarudia kazi halisi anayoitaka, kuinama, kushika, kutandaza. Fizio, watu kama huyu wawe ndani ya timu tangu kuchagua maswali, msiwaite mwisho kupiga makofi.

Fizio wa Mwanza
Nimekuelewa mkuu. Dada wa Nansio, nimekutumia ujumbe, nauli ya kikao tutaiweka kwenye bajeti. Bado saa 3 zinanisumbua. Tuziandike?

Msoma Tafiti
Ziandikeni kama lengo, na chini yake kiwango cha chini ambacho kila hospitali lazima ifikie sasa. Mkilishusha lengo lenyewe hadi nusu saa, siku mganga mfawidhi anaomba watumishi zaidi ataonyesha karatasi gani? Tafuteni pia kifurushi cha huduma za utengamao cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha 2023. Kiharusi kimo, na kinataja watumishi na vifaa kwa kila huduma. Anzeni kuhesabu mlivyonavyo kwa hicho.