Mume anataka kwenda Goma, Kongo, na mtoto kupiga kura, eti sheria ya kijeshi imelegezwa. Nimruhusu?

Mama Neema (Tanga)
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hapa nyumbani sina wa kumuuliza, mama yangu akisikia tu neno Goma anaanza kulia. Mume wangu ni Mkongo, tunaishi Ngamiani mwaka wa saba sasa. Mwezi wa tatu alienda kumzika babake akajiandikisha hukohuko, kadi ya kura anayo. Sasa tangu Rais Tshisekedi atangaze tarehe 12 Oktoba mwaka huu wa 2023 kwamba ile sheria ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri wanaanza kuilegeza, mwenzangu hatulii, anasema marufuku ya kutembea usiku imeondolewa, mikutano ruksa, uchaguzi wa tarehe 20 Desemba lazima awepo na aende na mtoto wetu wa miaka minne akamwone bibi yake, ambaye amekimbia vita Rutshuru yuko Goma kwa ndugu. Simkatazi kwao jamani ila roho inagoma. Hivi huko kulegeza ni kweli au ni ya kampeni tu, uchaguzi ukipita wanakaza tena na watu wangu wapo ndani?

Dereva wa Masafa
Dada usichanganye mambo mawili. Amri kuondolewa maana yake hukamatwi ukionekana barabarani usiku, basi. Vita haijaondolewa. Waasi wa M23 wapo Kibumba pale, kama kilomita 20 tu kutoka mjini, na mwezi uliopita mapigano Masisi yameanza upya. Halafu lile jeshi la Afrika Mashariki Kongo wamesema hawaongezi muda baada ya tarehe 8 Desemba, yaani linaondoka siku 12 kabla ya kura. Mtoto hapana.

Mtu wa Karisimbi
Shemeji, mimi niko Goma. Tangu Mei 2021 gavana wetu ni mwanajeshi, bunge la jimbo limesimamishwa, raia anapelekwa mahakama ya kijeshi, na kila siku 15 walikuwa wanaongeza muda mpaka tukaacha kuhesabu. Tarehe 30 Agosti mwaka huu watu walitaka kuandamana wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 50, ndiyo gavana yule akaitwa Kinshasa akaletwa mwingine, naye jenerali. Rais amesema hatua kwa hatua, kwa hiyo usidhani imeisha. Lakini usimzuie mume. Tarehe 20 tunachagua hadi madiwani wa komini, yaani manispaa zetu za mjini, kitu ambacho tangu katiba ya 2006 hakijafanyika, na sisi tumekaa miaka miwili na nusu chini ya watu ambao hatukuwachagua. Mimi nitapanga foleni hata mvua inyeshe. Aje, mtoto abaki.

Bi Mkubwa wa Pangani
Mwanangu na huyo bibi je? Kapoteza mume, kapoteza nyumba, mjukuu hajamwona. Mimi ningempeleka.

Mama Neema (Tanga)
Bibi shikamoo, hilo ndilo linaloniliza, kila akipiga simu anamuulizia Neema.

Dereva wa Masafa
Basi mume akifika avuke na mama yake hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kama karatasi za kuvukia anazo, wakae siku mbili mpige simu ya video kwa utulivu. Mambo yakipoa mtoto ataenda. Na aangalie kadi yake imeandikwa kituo gani, kama ni cha Rutshuru vijijini asipoteze nauli, huko na Masisi uandikishaji ulikwama kwa vita.

Mama Neema (Tanga)
Nimemuuliza sasa hivi, kituo ni Goma mjini. Tumeongea mpaka saa sita usiku. Ataenda peke yake, anatoka hapa tarehe 14 kupitia Kigali, kadi ya homa ya manjano kesho anaifuata hospitali. Nimemwomba arudi kabla matokeo hayajatangazwa, hajanijibu. Shemeji wa Karisimbi nakuomba uje inbox nikupe namba yake, akifika awe na mtu.