Naomba ushauri: nataka kuonyesha Nosferatu ya Herzog kwenye kibanda chetu, mwenzangu anakataa

MpenziWaGiza (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Korogwe. Mimi na kaka yangu tunaendesha kibanda umiza: projekta moja, spika mbili, mabenchi ya kukalia watu kama arobaini. Siku za mechi hatupumui. Siku zisizo na mpira tunaonyesha muvi, na mimi tangu utotoni ugonjwa wangu ni muvi za kutisha. Nimeangalia za kila nchi mpaka nikafika mahali sishtuki tena. Mlango ukilia, najua nani yuko nyuma yake.

Mwaka jana jamaa akanipa flashi yenye Nosferatu ya mwaka 1979, ya yule mwongozaji wa Kijerumani, Werner Herzog. Inaanza na maiti zilizokauka, zimepangwa ukutani, midomo wazi. Ni maiti za kweli, za Guanajuato kule Mexico. Kamera inapita juu yao taratibu, muziki unaimba chini chini, halafu anatokea popo anaruka polepole sana. Basi. Hakuna kitu kilichokurupuka, lakini niliinuka nikawasha taa.

Halafu anakuja Klaus Kinski, anayeigiza Dracula, mnyonya damu. Kipara, uso mweupe kama chokaa, masikio yamechongoka, na meno mawili marefu yapo katikati ya mdomo, kama ya panya, si pembeni kama tulivyozoea. Mgeni wake, Jonathan, anakata mkate, kisu kinamteleza, kidole kinatoka damu. Pale nilirudisha nyuma mara nne. Huyu mnyonya damu hafurahi kuiona damu. Anahema kama mtu mwenye pumu, anajizuia, anashindwa. Baadaye anaeleza kwamba kufa si jambo baya kuliko yote. Kibaya zaidi ni kuishi karne na karne ukirudia siku ile ile. Wakuu, nilimhurumia. Haijawahi kunitokea kwenye muvi yoyote ya kutisha.

Tangu hapo nimemtafuta huyu mtu kila nilipoweza. Nimeona Aguirre ya 1972. Nimeona Fitzcarraldo ya 1982, ambamo meli ya tani 320 inavutwa kupandishwa kilima katika msitu wa Peru, meli ya kweli, kilima cha kweli. Nimeona Heart of Glass ya 1976, ambayo karibu waigizaji wote waliigiza wakiwa kwenye usingizi wa hipnosia, wa kutiwa kwa maneno, na macho yao yananijia mpaka leo. Hakuna anayeziita hizo muvi za kutisha, lakini mimi zinanitisha kuliko mizuka yote.

Sasa shida yangu. Jumatano moja niliiweka Nosferatu kibandani. Dakika ya ishirini wakaanza kupiga miluzi. Mmoja akadai mia tano yake. Kaka akanyanyuka akabadilisha muvi mbele yangu. Baada ya kumbembeleza sana amenipa usiku mmoja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Je, niirudie hiyo hiyo au nianze na nyingine? Nitafsiri juu ya sauti kama wanavyofanya ma-DJ, au nitaharibu?

Kuna jambo jingine linanisumbua. Ile muvi ina maelfu ya panya, na walikuwa panya weupe wa maabara walioletwa kutoka Hungary. Maarten 't Hart, mwandishi wa Kiholanzi ambaye pia ni mwanabiolojia, aliajiriwa kuwasimamia, akajitoa. Alisimulia kwamba walisafirishwa vibaya mpaka wakaanza kulana, na kwamba walitumbukizwa kwenye maji yanayochemka ili wapakwe rangi ya kijivu, wengi wakafa. Niwaambie watu hilo, au ninyamaze? Nawasilisha.

Mzee wa Reli

Mkuu, nakuheshimu, lakini mteja aliyelipa mia tano hajaja darasani. Achana na Nosferatu kwanza. Waonyeshe Grizzly Man ya 2005. Ni habari ya kweli ya Timothy Treadwell, aliyekaa majira kumi na matatu ya kiangazi na dubu huko Alaska, akijipiga video mwenyewe, mpaka dubu mmoja akamuua yeye na mpenzi wake Oktoba 2003. Kamera ilikuwa imefunikwa kifuniko cha lenzi, ikarekodi sauti tu. Kuna mahali Herzog anaisikiliza ile sauti kwa hedifoni, amekaa kaipa kamera mgongo, mbele yake amekaa mama mwenye kanda. Wewe mtazamaji husikii chochote. Unaona tu uso wa yule mama akimtazama Herzog. Halafu anavua hedifoni na kumwambia asije akaisikiliza kanda hiyo maishani mwake. Kibanda kizima kitanyamaza, nakuapia. Wakishamwamini mtu wako, ndipo uwaletee popo na majeneza.

Mpemba wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi sikubaliani na Mzee wa Reli, kwa sababu ya huyo popo mwenyewe. Mwaka 1995 nilikuwa kijana hapa Pemba wakati wa popobawa, yule jini popo tuliyeambiwa anavamia watu usiku. Tulilala nje, familia nzima kwenye jamvi moja uwanjani, moto umewashwa, watu wanasoma Qur'ani zamu kwa zamu mpaka alfajiri. Asiyekuwepo asidhani ilikuwa mchezo. Watu wazima walikuwa wanatetemeka.

Niliiangalia Nosferatu kwa mwanangu Unguja. Popo alipoanza kukunja na kukunjua mbawa pale mwanzoni, polepole vile, mikono iliniingia baridi. Herzog hakuweka kishindo chochote pale, na khofu ya kweli ndivyo inavyokuja, haina kishindo. Sisi mwaka ule hatukuona kitu. Tulikuwa tunangoja. Ndugu yangu, watazamaji wako wanajua kungoja usiku. Wakumbushe tu kabla hujazima taa.

Mama Soni

Mwanangu, mimi ni muuguzi mstaafu wa huku Soni, Lushoto. Sikuwa na mazoea na muvi hizi; mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha. Nataka kusema juu ya meza.

Mji umeingiwa na tauni. Majeneza yanabebwa uwanjani, mistari mizima, na Lucy, mke wa Jonathan, anapita katikati yao. Watu wengine wanacheza ngoma. Na pale kati kuna meza imetandikwa kitambaa cheupe, familia imevaa vizuri, wanakula na kunywa divai, panya wamejaa miguuni. Wanamkaribisha. Wanamwambia wote wameshaambukizwa, kwa hiyo kila siku iliyobaki wanaifurahia. Picha inayofuata, meza ni ile ile, watu hawapo. Panya ndio wako kwenye sahani.

Huku kwetu tauni iliingia mwaka 1980 na haikutuacha kwa miaka mingi. Mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba wakipulizia dawa ya viroboto, wakisema watu wasilale sakafuni. Nilikuwa wodini. Uvimbe kwenye kinena, homa, na ndugu wamesimama dirishani kwa sababu hawaruhusiwi kuingia. Nilimwona baba mmoja anamletea mkewe chai na maandazi matano, akijua kabisa hawezi kula. Aliyapanga kwenye sahani, moja moja, akaipitisha dirishani. Nilipoiona ile meza nilimkumbuka yeye.

Korogwe ni chini tu ya milima yetu. Hapo kibandani kwako hutakosa mtu ambaye bibi yake aliyaona hayo. Onyesha hiyo hiyo.

Kuhusu panya, waambie ukweli. Panya wanaleta maradhi, ndiyo, lakini kuwachemsha wakiwa hai kwa ajili ya picha si haki. Kazi inaweza kuwa nzuri na mwenye kazi akawa amekosea, na watu wazima wanaweza kubeba yote mawili.

Msambaa wa Munich

Shikamoo Mama Soni. Mimi niko huku Munich, mji alikozaliwa Herzog mwaka 1942, ila alikulia Sachrang, kijiji cha milimani karibu na mpaka wa Austria. Mleta uzi, hakikisha unajua una toleo gani. Walipiga mawili, waigizaji wale wale, moja kwa Kijerumani na moja kwa Kiingereza. Mimi nakushauri la Kijerumani. Kinski kwa Kijerumani ananong'ona kama anayeona aibu kusikika, na kwa vile karibu wote hapo hawataelewa lugha yoyote kati ya hizo, bora wapate sauti yenyewe.

Uwaambie pia kwamba muvi hii ina babu yake. Nosferatu ya kwanza ni ya F. W. Murnau, 1922, ya kimya. Waliichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi wake, Bram Stoker, akashtaki, na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Chache zikaponea nje ya nchi. Herzog aliiona kuwa muvi kubwa kuliko zote za Kijerumani. Kizazi chake kilikua baada ya vita na hakikuwa na baba wa kujivunia kwenye sinema, kwa hiyo akaruka mpaka kwa babu. Lotte Eisner, mwandishi aliyeandika sana juu ya Murnau, alipougua Paris mwaka 1974, Herzog alitoka hapa Munich kwenda kumwona kwa miguu, wakati wa baridi, akiamini hatakufa kabla yeye hajafika. Alifika, na mama yule aliishi miaka mingine. Mtu wa namna hii hupigi muvi yake kama ya kupotezea muda.

Mtafsiri wa Usiku

Kaka, mimi natafsiri muvi juu kwa juu, kazi ya miaka tisa, kwa hiyo swali la DJ niachie mimi. Tafsiri, lakini ujue pa kufunga mdomo. Jonathan anapopanda milima kwa miguu kwenda kasri la Dracula, usiseme neno. Pale kuna maji, mawingu na muziki wa Wagner. Meli inapoingia mjini haina mtu hai, nahodha amefungwa kwenye usukani, usiseme neno. Mezani kwa Mama Soni, sema sentensi ile moja ya mwaliko, kisha zima maikrofoni kabisa, isibaki hata pumzi yako.

Herzog mwenyewe husimulia filamu zake za kweli kwa sauti yake, taratibu, kama mzee anayekuelekeza njia. Kazi yako haiko mbali na yake.

Tena alishafika huku kwetu. Mwaka 1969 alitoa filamu fupi kuhusu madaktari wa ndege wa AMREF, shirika la afya, iliyopigwa Afrika Mashariki. Humo kuna mabango ya afya yamewekwa, moja limegeuzwa juu chini, wanakijiji wanaulizwa lipi limekaa vibaya. Wengi hawakuweza kusema. Watu wa haraka wangecheka. Yeye alilichukua kwa uzito: kuona picha ni kitu mtu anafundishwa, na wale walikuwa na namna yao ya kuona ambayo sisi hatuijui. Ile Jumatano uliwawekea watu bango bila kuwaambia lipo upande gani. Dakika tano kabla ya taa kuzimwa, simama mbele, wasimulie.

MpenziWaGiza (mleta uzi)

Wakuu, nimewasoma wote, shikamoo Mama Soni, ahsanteni sana. Nimeamua ni Nosferatu, toleo la Kijerumani. Nitaleta mrejesho.

MpenziWaGiza (mleta uzi)

Mrejesho. Waliingia 34. Nilisimama mbele na tochi, nikasimulia habari ya popobawa, ya Murnau na mahakama, na ya panya wa Hungary. Kijana mmoja aliguna kwa ile ya maji ya moto, nikamwacha agune. Kaka alikuwa mlangoni na chenji mkononi, tayari kurudisha hela.

Tisa walitoka kabla ya kasri. Kwenye kidole na mkate, benchi la mbele lote lilirudi nyuma kwa pamoja, miguu ya benchi ikakwaruza sakafu. Kwenye meli nilifunga mdomo. Nilisikia feni ya projekta tu.

Ilipofika meza nikasema ile sentensi moja, nikazima maikrofoni. Yule mama anayeuza karanga mlangoni alikuwa ameingia na sinia lake bila mimi kumwona. Watu walipotoweka mezani wakabaki panya, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mlalo ilikuwa hivi hivi." Hakuna aliyecheka. Muvi ilipoisha vijana wawili walimfuata wakamuuliza Mlalo, kule Lushoto, kulikuwa na nini, akakaa kwenye benchi akaanza kuwaeleza, na kaka akaacha taa ikiwaka mpaka saa sita usiku.

Alhamisi tunaweka Grizzly Man. Mtafsiri wa Usiku, naomba nikupigie.