Kuziba mishipa kabla ya kutoa uvimbe wa pua

Mama Kelvin: Jamani, mwanangu wa miaka 14 anatokwa damu puani, usiku anahemea mdomoni. Picha ya CT imeonyesha anjiofibroma, yaani uvimbe nyuma ya pua. Daktari anataka mishipa izibwe kwanza, ndipo apasuliwe. Lazima?

Nesi wa teata: Pole mama. Si saratani, ila umejaa mishipa ya damu. Wanapitisha mrija mwembamba kinenani mpaka mshipa unaoulisha, wanaingiza chembechembe za kuziba. Upasuaji hufuata kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 72, damu hupungua sana. Uliza kuhusu hatari kwa macho na ubongo. Ni nadra, lakini ipo. Na asikatwe kinyama cha kupima kliniki, tafadhali!

Baba Juma: Wangu taya lilimuuma baada ya kuzibwa, likapoa. Tafuteni wachangia damu hata hivyo.

Mama Kelvin: Asanteni. Wajomba zake nawapigia leo.