Simtank inamwagika kila siku, nianze na Arduino Uno au ESP32?

mwalimu_wa_fizikia:
Wakuu habari za muda huu. Nina simtank ya lita 2000, maji yakitoka usiku nawasha pampu nalala, asubuhi uwanja mzima tope. Nataka kitu cha kupima maji kizime pampu chenyewe, nitumie hizi bodi ndogo za kuprogramu. Kariakoo huyu ananiambia Uno yule ESP32. Laptop yangu ni Linux na sitaki programu za kukraki. Nichukue ipi?

kota_pini:
ESP32 mkuu usiumize kichwa. Uno R3 ya kawaida ina RAM ya KB 2 tu na wifi haina, siku ukitaka kuona maji kwenye simu unaanza upya. Programu ya kuiandikia kodi, Arduino IDE, ni ya bure na Linux inakubali. Ikikataa kuandika kwenye poti jiweke kwenye grupu la dialout (watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti), logauti urudi.

babu_transista:
Vijana mnapenda makuu, floti swichi, ile inayoelea na kukata umeme maji yakijaa, inamaliza kazi hiyo bila kodi hata mstari mmoja.

mwalimu_wa_fizikia:
Mzee shikamoo, kweli kabisa ila nataka na kujifunza 😂

babu_transista:
Marahaba. Basi floti iweke hivyo hivyo kama akiba, siku bodi ikiganda ndo utanikumbuka. Na rilei ndogo zile za bluu (swichi zinazowashwa na bodi) usizibebeshe pampu moja kwa moja, mota ikianza inavuta moto mkubwa koili za rilei zinabaki salama ila midomo yake inayogusana kupitisha umeme inagandiana, pampu haizimi tena. Weka kontakta katikati, ile swichi kubwa ya kubeba mota.

kota_pini:
Hapo mzee kaongea. Kingine, ESP32 ni volti 3.3, sensa ya HC-SR04 ya kupima umbali kwa sauti inarudisha volti 5 kwenye pini ya Echo, mi yangu ya kwanza niliiua hivyo. Pitisha kwenye rizista ya kilo-omu 1 hadi pini ya ESP32, halafu kutoka hapo ya kilo-omu 2 iende graundi, inabaki kama 3.3. Ila ndani ya tanki HC-SR04 itapata kutu tu, tafuta JSN-SR04T ile isiyoingia maji. KiCad ya kuchora bodi iache kwanza, anzia bredibodi, ubao wa kuchomeka waya bila kulehemu.

mwalimu_wa_fizikia:
Nimenunua ESP32. Tangu jana kompyuta haiioni kabisa, dialout nimeshafanya, au nimepigwa?

kota_pini:
Waya wa USB umetoa wapi?

mwalimu_wa_fizikia:
Wa tochi ya kuchaji

kota_pini:
Huo unapitisha moto tu, data hamna

mwalimu_wa_fizikia:
Nimeazima wa simu ya wife, poti ya ttyUSB0 imetokea. Mzee, hiyo kontakta niulizie ya ampea ngapi?