Antena ya redio koli (CB) kwenye Fuso tipa, niifunge wapi?

Dereva wa Vumbi
Wakuu habari za mihangaiko. Naendesha Fuso tipa, tunabeba kifusi huku Nachingwea, gari mbili, mimi na dogo mmoja. Simu ukishatoka mjini ni ya kubahatisha, halafu njia ya kuingia machimbo nyembamba kweli, mkikutana kwenye kona mmoja lazima apige rivasi na mzigo wake. Sasa bosi kaleta CB mbili, redio za kuongea gari kwa gari, zile za 27 megahezi na antena zake za faiba, mita moja na ushee. Kinachonisumbua ni pa kuifunga. Juu ya kebini bodi la tipa lina lile paji lake linafunika paa karibu lote, kwenye bampa naona chini sana, na bosi anataka ikae nyuma kabisa ya bodi eti isipigwe na matawi. Fundi wa hapa yeye anasema popote tu ilimradi chuma. Waliowahi kufunga nipeni mwanga. Nawasilisha.

Chumvi ya Mikindani
Nyuma ya bodi futa kabisa mkuu, siku ya kwanza tu unainua kumwaga, antena inapanda juu waya unabaki chini 😂

Katikati ya paa la kebini ndo penyewe. Wimbi la 27 megahezi lina mita 11 hivi, robo yake ni mita 2 na nusu na zaidi, wewe fimbo yako ni fupi, ndani wameizungushia waya kufidia. Kwahiyo bati la gari ndo linafanya kazi ya nusu nyingine ya antena. Ukiiweka katikati inasikika pande zote, ukiiweka kona, nguvu inaegemea upande wenye chuma kingi, yaani ikikaa nyuma kushoto inapiga zaidi mbele kulia.

Dereva wa Vumbi
Paa ndo hivyo tena, paji la bodi limeacha kama shubiri mbili tu, na fimbo ikisimama hapo si itagonga paji?

Spana 17
Kaka achana na paa. Funga kwenye mkono wa saidi mira, upande wako wa dereva. Sisemi kulia kwa mapenzi, huku tunaendesha kushoto, na matawi ya mikorosho na miembe yanainamia barabara upande huohuo wa kushoto. Mimi ya kwanza niliweka kushoto, kutoka Masasi kwenda Newala sikufika hata juu mlimani, fimbo ilikatika nikaisikia tu inagonga mlango. Na weka springi chini yake, bei yake haifiki ya antena mpya.

Pandisha kiasi kwamba sehemu kubwa ya fimbo ipite juu ya paa, hata kama paji la bodi litabaki nyuma yake, ikijificha ubavuni mwa kebini hausikiki ng'o.

Sasa hapa ndo wengi wanafeli. Ule mkono wa mira una rangi, na pale unaposhika kebini mara nyingi kuna raba au plastiki, kwahiyo chuma kipo ila ethi hakuna. Kwangua rangi kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, kisha vuta waya mfupi mnene toka kwenye breketi mpaka kwenye chuma cha kebini chenyewe, paka grisi juu yake isile kutu. Na kebini ya Fuso inalala mbele, waya wa antena uache na ulegevu, siku fundi anaangusha kebini acheki injini usije ukamsikia anasema "kuna kitu kimekatika hapa".

Utingo Mstaafu
Hamjamuuliza jambo la msingi. Fuso lako ni volti 24, hiyo CB ni ya 12. Usije ukaidaka kwenye betri moja kama wanavyofanya kwenye redio za muziki, ile betri inazeeka kabla ya mwenzie. Tafuta konveta ya kushusha 24 iwe 12, na uiweke mbali na waya wa antena, nyingine zina kelele kama nyuki.

Mwana Lindi
Na bosi aulizie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mambo ya leseni kabla ya kuanza kurusha, masafa sio mali ya baba.

Dereva wa Vumbi
Wakuu mrejesho. Nimefunga mira ya kulia kama Spana alivyosema, nikaazima mita ya SWR, ile inayopima nguvu inayorudi toka kwenye antena, ikikaribia 1 ndo nzuri, ikaja juu ya 3! Nikakumbuka niliambiwa kwenye 3 usirushe, unaua redio. Kumbe ile wosha ya plastiki ya kwenye nati fundi kaiweka chini juu, kwahiyo msumari wa katikati unagusa breketi, shoti. Tumegeuza, nikapima kwa tesa, katikati na breketi hazionani tena, breketi na chuma cha kebini zinaonana. Sasa chaneli ya 1 inasoma 1.4, ya 40 inasoma 1.6.

Spana 17
Safi. Ya 40 kuzidi ya 1 maana yake fimbo ndefu kidogo, ila kwa hapo usiiguse, ukianza kukata hairudi.

Dereva wa Vumbi
Dogo nampata vizuri toka machimbo mpaka njia panda, kilomita kama sita. Ila nikiinua bodi sauti yake inafifia, ni kawaida?

Chumvi ya Mikindani
Kawaida, chuma chote hicho kinasogea kwenye antena. Mwaga kwanza, shusha bodi, ndo mpigie stori.